Svalbard: Visiwa Visivyo na Ngome na Wageni Wanaohesabiwa

Tangu tarehe 1 Januari, 2025, meli za watalii zenye abiria zaidi ya 200 hazina ruhusa ya kuingia katika maji ya hifadhi za visiwa vya Svalbard, kule kaskazini kabisa mwa dunia. Hata meli ndogo zilizoruhusiwa haziwezi kushusha watu mahali popote nahodha apendapo. Ndani ya hifadhi hizo zimetajwa sehemu 43 tu ambako mtalii aweza kukanyaga. Kwingineko abiria hana budi kubaki melini na kuutazama ufuko kwa darubini. Tena, yeyote aliye safarini ametakiwa akae umbali wa mita 300 kutoka kwa dubu mweupe, na kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 30 Juni, majira ambayo dubu jike hutembea na watoto wachanga, umbali huo ni mita 500.

Amri hizo zimetolewa na serikali ya Norway, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya visiwa hivyo. Wenye meli walinung'unika, kwa kuwa abiria wa safari hizo ni watu wenye fedha na faida yake si haba. Lakini la kutazamwa hapa si manung'uniko ya wafanyabiashara. La kutazamwa ni kwamba serikali ile ile ndiyo iliyoanza kuwaalika watalii hao kwa mikono miwili mapema katika miaka ya 1990. Kwa nini basi mwenyeji huyo sasa asimame mlangoni akihesabu wageni wake? Jibu linahusu wanyama na barafu. Linahusu pia namna nchi inavyoweza kuilinda mamlaka yake mahali ambapo imekatazwa kujenga hata ngome moja, huku jirani mwenye nguvu akiishi ng'ambo ya mlima.

Svalbard ni kundi la visiwa lenye eneo la kilomita za mraba 61,000 hivi, nalo lipo karibu katikati ya bara la Norway na Ncha ya Kaskazini. Zaidi ya nusu ya nchi kavu imefunikwa na barafu nene. Katika mji mkuu, Longyearbyen, jua huaga mwishoni mwa Oktoba na haliinuki tena juu ya upeo mpaka katikati ya Februari. Kisha tangu Aprili, karibu na tarehe 20, hadi baada ya tarehe 20 Agosti, halizami kabisa. Hakuna shamba. Mti mrefu kuliko yote ya huko haufiki magotini mwa mtu. Chini ya udongo wa juu ardhi imeganda daima, na mimea michache iliyopo hukua polepole mno, kwani kiangazi ni cha wiki chache. Gari zito likipita juu ya ardhi hiyo isipokuwa na theluji, alama za magurudumu huonekana bado baada ya miaka makumi kadhaa. Mtu atakayepita hapo akiwa mzee ataziona alama alizoziacha baba yake. Ndiyo sababu ya sheria inayokataza gari lolote kwenda nje ya barabara wakati ardhi iko wazi.

Binadamu alikwenda huko kuchukua, wala hakwenda kutazama. Mdachi Willem Barentsz aliviona visiwa hivyo mwaka 1596, na baada ya miaka michache wavuvi wa nyangumi kutoka Uholanzi, Uingereza na kwingineko walijaa katika ghuba zake. Nyangumi wakachinjwa mpaka wakakaribia kwisha. Wakafuata wawindaji wa walrasi, yule mnyama wa bahari mwenye meno marefu kama pembe za ndovu. Aliwindwa kwa muda wa karne tatu, na alipopewa hifadhi ya sheria mwaka 1952 alikuwa amebaki kwa idadi ndogo sana. Dubu mweupe naye alihifadhiwa mwaka 1973, mwaka ambao nchi tano za kaskazini, yaani Norway, Denmark, Kanada, Marekani na Urusi ya Kisovieti, zilitia saini mkataba wa kumlinda. Ni jambo la kukumbukwa kwamba wakati huo mataifa hayo yalikuwa yakielekezeana makombora. Hata hivyo juu ya dubu yalikubaliana.

Mkataba mkubwa zaidi, hata hivyo, ni ule uliotiwa saini mjini Paris tarehe 9 Februari, 1920. Kabla ya hapo visiwa havikuwa na mwenyewe. Mkataba uliipa Norway mamlaka kamili, lakini kwa masharti mawili mazito. Sharti la kwanza ni kwamba raia wa nchi zote zilizotia saini wana haki sawa ya kuwinda, kuvua, kuchimba madini na kufanya biashara huko. Nchi hizo leo ni zaidi ya 40, na miongoni mwake zimo Misri na Afrika Kusini. Sharti la pili ni kwamba haitajengwa kambi ya jeshi la maji wala ngome yoyote, wala visiwa havitatumiwa kwa makusudi ya vita.

Kwa askari, sharti hilo la pili halina budi kuwa la ajabu. Wala halikuwa kinga kamili. Mwaka 1941 wakazi walihamishwa kwa sababu ya vita, na mwezi Septemba, 1943, meli za kivita za Ujerumani, ikiwamo Tirpitz, zilikuja zikaipiga kwa mizinga miji ya Longyearbyen na Barentsburg. Kikosi kidogo cha Wajerumani kilichokuwa kikipima hali ya hewa katika kisiwa kimojawapo kilisahauliwa huko baada ya vita, kikasalimu amri mwezi Septemba, 1945, kwa nahodha wa meli ya kuwinda sili. Ujerumani yenyewe ilikuwa imekwisha kusalimu amri miezi minne nyuma.

Basi nchi isiyoruhusiwa kuweka ngome huishikaje ardhi yake? Norway iliamua tangu awali kuishika kwa watu. Mahali penye watoto shuleni, mganga, posta na polisi ni mahali penye serikali. Kwa muda mrefu watu hao walikwenda kwa ajili ya makaa ya mawe. Longyearbyen yenyewe ilianzishwa mwaka 1906 na Mmarekani John Munro Longyear aliyekuja kuchimba makaa, kisha mwaka 1916 migodi hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Kinorway. Kwa miaka mingi makaa hayo hayakuleta faida ya kutosha, na hazina ya taifa ikalipa. Yalidai hata damu: mwaka 1962 mlipuko katika mgodi wa Ny-Ålesund uliwaua watu 21, na mwaka uliofuata shauri hilo likaiangusha serikali mjini Oslo. Hata hivyo mji ulidumu, na bendera ikadumu juu yake.

Sasa makaa yamekwisha heshima yake. Mgodi wa Svea umefungwa, majengo yake yakabomolewa na bonde likarudishwa katika hali ya asili. Kituo cha umeme cha makaa mjini Longyearbyen kilizimwa mwaka 2023, na mgodi wa mwisho wa Kinorway, uitwao Mgodi wa 7, ukafungwa katikati ya mwaka 2025. Ingekuwa vigumu kuwaambia watu wabaki katika giza la miezi mitatu bila kazi. Ndipo utalii ukawa nguzo, pamoja na utafiti wa kisayansi na chuo kilichofunguliwa huko.

Utalii wenyewe si mgeni kabisa. Mwaka 1896 kampuni moja ya meli ya Norway ilijenga hoteli ndogo ya mbao karibu na mahali ulipo uwanja wa ndege wa leo, lakini biashara ile haikudumu. Kilichobadili mambo ni uwanja huo wa ndege, uliofunguliwa mwaka 1975. Tangu hapo Longyearbyen, mji wa watu 2,500 hivi, umekuwa ukifikika kwa saa chache kutoka Oslo. Katika miaka iliyotangulia ugonjwa wa mwaka 2020, hesabu ya usiku waliolala wageni katika hoteli zake ilipita laki moja kwa mwaka. Katika majira ya baridi wageni huendesha pikipiki za theluji na kutazama mianga ya kaskazini. Wakati wa kiangazi huja kwa meli. Meli moja kubwa ikitia nanga mbele ya mji yaweza kushusha watu wengi kuliko wakazi wote, na mitaa miwili mitatu ya mji ikafurika kama gulio.

Hapa panatokea ugumu. Mtalii hasafiri kwenda Svalbard kutazama hoteli. Huenda kumtazama dubu, na dubu ni wachache: hesabu ya mwaka 2015 ilikadiria kama 260 tu wakaao visiwani humo. Kila meli hutaka kumwonyesha abiria wake dubu, na kila abiria hutaka picha ya karibu kuliko ya mwenzake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2001 inakataza kumvuta dubu, kumfuata au kumtafuta kwa njia yoyote itakayomsumbua au kuhatarisha maisha ya mtu. Lakini sheria hiyo ilikuwa ikiacha mwanya, kwa kuwa ni vigumu kupima usumbufu. Mwezi Julai, 2018, walinzi wa meli moja ya Kijerumani walitangulia ufukoni kwenye visiwa vya kaskazini kabla ya kushusha abiria. Dubu akamrukia mlinzi mmoja na kumjeruhi kichwani, wenzake wakampiga dubu risasi akafa. Duniani kote watu waliuliza swali lililo rahisi: nani alikuwa mgeni pale, dubu au watalii? Katika mwezi Agosti, 2020, mambo yalikwenda kinyume, mtu mmoja akauawa na dubu akiwa amelala katika hema karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Umbali wa mita 300 basi umewekwa kwa sababu mita hupimika. Ofisa wa polisi hana haja ya kubishana na nahodha kama dubu alisumbuka au hakusumbuka. Vivyo hivyo idadi ya abiria 200 na orodha ya sehemu 43. Wapo wanaosema kwamba sehemu chache zitakanyagwa zaidi kwa sababu wote watakwenda hapo, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini sheria inayoweza kusimamiwa na watu wachache ina thamani kuliko sheria nzuri isiyo na msimamizi, na huko wasimamizi ni wachache kweli kweli.

Msimamizi mkuu ni Gavana, ambaye kwa Kinorway huitwa Sysselmester. Cheo hicho kinaunganisha kazi ambazo kwingineko hugawanywa: yeye ni mwakilishi wa serikali, ni mkuu wa polisi, ni mwenye kusimamia hifadhi, na ndiye anayeamrisha uokoaji. Dubu yeyote akiuawa, polisi wake hufungua uchunguzi kama wa kosa la jinai, na aliyefyatua risasi hana budi kuthibitisha kwamba hakuwa na njia nyingine. Atokaye nje ya makazi hutakiwa awe na kifaa cha kumtisha dubu, kama bastola ya kurusha fataki za ishara, na hushauriwa kuchukua bunduki. Mgeni atakaye kukodi bunduki huomba kibali kwanza. Lakini ndani ya mji silaha hairuhusiwi kuwa na risasi, na kwenye milango ya maduka yamebandikwa matangazo ya kukataza bunduki. Wanaokwenda peke yao maeneo ya mbali hutakiwa kutoa taarifa na kuwa na bima ya kulipia gharama za kutafutwa wakipotea. Gharama hizo si ndogo. Gavana ana helikopta mbili na meli moja, Polarsyssel, kwa eneo lote hilo.

Umuhimu wa uokoaji ulionekana usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni, 1989. Meli ya watalii ya Kisovieti, Maxim Gorkiy, iliyobeba abiria wengi kutoka Ujerumani Magharibi, iligonga barafu magharibi mwa visiwa na kuanza kuingiza maji. Watu waliokuwamo, abiria na mabaharia, walikuwa zaidi ya 900. Wengi waliteremshwa katika mashua, na wengine wakasimama juu ya vipande vya barafu. Meli ya walinzi wa pwani ya Norway, Senja, ilifika baada ya saa chache, na hakuna hata mtu mmoja aliyepotea. Bahari ilikuwa shwari usiku ule. Walioshughulika na jambo hilo wamekuwa wakijiuliza tangu wakati huo ingekuwaje kama upepo ungevuma. Meli iliyobeba watu 3,000 ikipata ajali mahali ambapo helikopta ni mbili na hospitali ni ndogo, hesabu haihitaji msomi. Tena mafuta yakimwagika katika maji ya barafu hakuna njia ya kweli ya kuyakusanya. Kwa hiyo tangu mwaka 2022 meli zimekatazwa kutumia au kubeba mafuta mazito katika maji ya visiwa hivyo.

Yote hayo yangekuwa mepesi kidogo kama Svalbard ingekuwa na mwenyeji mmoja. Lakini yapo makazi ya Warusi huko Barentsburg, ambako kampuni ya serikali ya Urusi huchimba makaa mpaka leo na ambako kuna ubalozi mdogo. Wakati wa Urusi ya Kisovieti raia wake visiwani walikuwa wengi kuliko Wanorway. Mji wao mwingine, Pyramiden, uliachwa mwaka 1998, na sanamu ya Lenin ingali imesimama pale ikitazama barafu. Makaa ya Warusi nayo yamepungua faida. Kwa hiyo wao pia wakageukia utalii, wakafungua hoteli na kuwatembeza wageni kati ya majengo matupu ya Pyramiden. Yaani majirani wawili wanaoshindania heshima ya kuwapo wanatumia silaha moja: mtalii. Baada ya vita vya Ukraine kupanuka Februari, 2022, wageni waendao Barentsburg walipungua sana. Tarehe 9 Mei, 2023, Warusi walifanya gwaride la magari na helikopta katika mji huo, jambo lililowaudhi Wanorway. Hata hivyo Gavana huendelea kwenda Barentsburg, kwa kuwa sheria za Norway zinatumika huko kama kwingine, na helikopta yake huwaokoa Warusi kama inavyowaokoa wengine. Helikopta ya Kirusi ilipoanguka baharini Oktoba, 2017, ikiwa na watu 8, ni Wanorway walioongoza utafutaji.

Jambo moja halisemwi sana katika hotuba za Oslo. Utalii ulikusudiwa uwaweke Wanorway visiwani, lakini kazi za hotelini na jikoni zimefanywa kwa wingi na wageni, wakiwamo watu wa Thailand na Ufilipino, kwa kuwa Svalbard haidai viza. Ni watu wa kazi, na baadhi yao wameishi huko miaka mingi na kulea watoto. Lakini huko hakuna msaada wa serikali kwa asiyejiweza. Mtu asiyeweza kujitunza aweza kuondoshwa. Ndege ziliposimama mwaka 2020, wafanyakazi hao ndio walioumia kwanza. Na mwaka 2022 serikali iliamua kwamba mgeni hatapiga kura ya baraza la mji isipokuwa amewahi kuishi bara la Norway kwa miaka mitatu. Kwa upande wa mamlaka ya dola, amri hiyo inaeleweka. Kwa mfanyakazi aliyefagia vyumba vya hoteli kwa miaka kumi, ni vigumu kuiona kuwa haki. Mji unaosimama kwa jasho la mtu huyo ungeweza walau kumsikiliza.

Juu ya yote hayo ni joto. Hali ya hewa ya Svalbard imepanda kwa nyuzi kati ya 3 na 5 tangu mapema miaka ya 1970, upesi kuliko karibu mahali popote duniani. Tarehe 19 Desemba, 2015, theluji iliporomoka kutoka mlimani juu ya nyumba za Longyearbyen ikaua watu wawili. Hata ghala maarufu la mbegu za dunia, lililochimbwa ndani ya mlima ulioganda, liliingiwa na maji mlangoni mwaka 2016, ingawa mbegu hazikuguswa. Ghala hilo lina uhusiano na Afrika Mashariki: lilipofunguliwa tarehe 26 Februari, 2008, marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya alikuwa miongoni mwa walioliingiza kasha la kwanza. Watalii hawaruhusiwi kuingia. Hupigwa picha nje ya mlango na kurudi mjini. Na wengi wao husema wamekuja kuiona barafu kabla haijaisha, wakiwa wamepanda ndege ambazo moshi wake unaiyeyusha.

Tangu mwaka 2007 kila mgeni hutozwa ada ya mazingira pamoja na tiketi yake, na fedha hizo huingia katika mfuko wa kuhifadhi visiwa. Kiangazi kinapofika, Gavana huwapeleka maofisa wachache kukaa katika vibanda vya mbao huko kaskazini, mbali na mji, wakiwa na redio, bunduki na mashua ndogo. Kazi yao ni kuzitembelea meli zinazopita na kukagua vibali, kutazama wapi watu wameshushwa, na kuhesabu abiria.